Jinsi Mheshimiwa Rula Alivyoiteka Ngazi ya Baraza

Enyi mlioketi na mnaopita njia, tueni mizigo, zimeni redio, nikupeni habari za shujaa aliyeandamwa miaka sita na adui mwenye kimo cha kidole kimoja.

Shujaa huyo ndiye Mheshimiwa Rula, Bwana wa Penseli Tatu, Mkunjua Ramani, msanifu majengo aliyeiacha meza ya kuchorea akaomba kura, akapata, hata akakikalia kiti cha mwenyekiti wa baraza la mkoa kwa miaka sita. Na jumba la baraza hilo, lenye ukumbi ghorofani, alilichora yeye mwenyewe ujanani, miaka ishirini na miwili nyuma. Yalisifiwa madirisha, zikasifiwa nguzo. Lakini katika hesabu zake alisahau unene wa vigae vya sakafu ya juu, basi kidato cha mwisho cha ngazi kikatoka kirefu kuliko ndugu zake kwa kidole kimoja.

Hapo ndipo walipoangukia majemadari. Wageni wa heshima waliingia ukumbini kichwa mbele, wengine wakadhani ndiyo adabu ya baraza, wakawafundisha na wenzao. Wajumbe, baada ya kuchubuka miguu, walizoea kuinua goti pale juu kama watu wanaoruka dimbwi. Na lawama zote zilimwangukia mwashi aliyejenga. Mji mzima ukamwita Fundi Kidole, kazi za maana zikamkimbia, akabaki kuziba nyufa. Shujaa wetu alijua, akanyamaza, na adui yule wa kidole kimoja alimngoja juu kila alipozipanda ngazi zile.

Sasa, mke wa fundi huyo ndiye aliyezifagia. Asubuhi moja kabla ya kikao alisimama katikati ya ngazi na ufagio wake, mlinzi wa lango asiyepitika.

"Mheshimiwa," alisema, "kila mjumbe mpya nimemwona akijikwaa siku yake ya kwanza. Wewe hukujikwaa. Uliinua mguu kama mtu anayeingia kwake. Nani alikwambia?"

Bwana wa Penseli Tatu alilitafuta jibu mfukoni, akapata penseli tu. Akasema kikao kinaanza.

"Kinaanza, ndiyo. Leo mnapigia kura kibao cha ukutani: Tahadhari, kosa la fundi. Kikishapigiliwa misumari, wajukuu zangu watakisoma. Mume wangu alijenga kama alivyochorewa, baba. Wewe unajua."

Akampisha. Shujaa alipanda akiwa na aibu, na huko juu alivikuta vita vimepamba moto, kwani jeshi moja lilitaka kibao cha herufi nyekundu na jingine la manjano, na Mheshimiwa Kengele, mpinzani wake mkuu, alikuwa amekwisha kuitetea nyekundu kwa dakika arobaini. Ndipo mwenyekiti aliposimama.

"Waheshimiwa, ngazi ile niliichora mimi. Fundi aliniuliza mara mbili habari za vigae, nami nikamwambia ajenge, asifikiri. Kosa ni langu. Urefu wake kidole kimoja, umri wake miaka ishirini na miwili."

Mheshimiwa Kengele, hotuba yake ikiwa bado ina kurasa tisa, aliuliza kwa unyonge kama basi kibao kibadilishwe jina. Shujaa akajibu kwamba kibao hakihitajiki, anahitajika fundi.

Fundi akaja na mwiko na timazi. Siku tatu alipaka saruji, huku nyembamba, kule nzito kidogo, hata vidato vyote vikalingana. Siku ya nne alisimama juu, mikono nyuma, kuwapokea wajumbe. Nao wakapanda kwa maandamano, na kila mmoja, alipofika pale pa mwisho, aliinua goti kama alivyozoea, mguu ukakosa kimo chake, akaingia ameinama mbele ya fundi. Wote arobaini, mmoja mmoja, na Mheshimiwa Kengele kwa kina kuliko wote. Fundi akamwitikia kila mmoja, "Karibu, mheshimiwa."

Wa mwisho alikuwa mwenyekiti. Huyu vipimo alikuwa navyo kichwani. Aliweka mguu sawasawa, akasimama wima. Chini, mke wa fundi aliacha kufagia, akamtazama.

Basi shujaa akainama taratibu, akainama mpaka penseli zote tatu zikamtoka mfukoni, zikabingirika ngazi nzima, kidato kwa kidato, kwa mlio uleule.

Na iandikwe na wanahistoria wa mikoa yote: siku hiyo mwanasiasa aliinama bila kujikwaa.