Saa ya Mkuu wa Zimamoto

Jumatano, 27 Februari 1908

Barua kutoka Geneva! Nimeruka kwa furaha hadi wino ukamwagikia meza. Saa yangu iko tayari. Dhahabu tupu, tai wa vichwa viwili juu ya kifuniko, tarakimu zimezungukwa na maneno ya Kirusi, na katikati ya uso wamechora mnara wa zimamoto wa hapa Tver, kama nilivyowaagiza. Wakala wao ataileta mwenyewe tarehe 14 Machi. Karamu ya Ardalion Fomich, mkuu wa zimamoto anayetimiza miaka ishirini na mitano kazini, ni tarehe 16. Nimeula!

Zawadi yake anaichagua Glikeria Savvishna, mjane wa mfanyabiashara wa chai. Ametangaza kwamba mwenye duka atakayeleta saa nzuri kuliko zote ataketi mkono wake wa kuume. Mji mzima unajua maana yake. Kapiton Ilyich, muuza saa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, naye anajua, ndiyo maana siku hizi ananyoa kila asubuhi. Anyoe tu. Hii ni mara yangu ya kwanza kuagiza moja kwa moja, bila dalali wa Moscow, na yeye hana habari.

Jumamosi, 1 Machi

Wiki ya kwanza ya Kwaresima. Kabichi, uyoga, kabichi. Njaa inauma, lakini akili inachemka. Nimeeneza habari sokoni kwamba dhahabu ya saa za Kapiton inabanduka ikiguswa na jasho. Nimekaa dirishani kuhesabu wanaoingia kwake. Wawili tu, na mmoja aliuliza njia.

Mchana nikapata usumbufu. Mgeni mmoja mwenye ndevu zilizochongoka aliingia dukani akizungumza Kifaransa mfululizo, akinisukumia karatasi usoni. Sikuitazama. Watu wa namna hii huanza na karatasi, wanamalizia na dawa ya upara. Hapo ndipo wazo likanijia. Tamu! Nikamwonyesha duka la Kapiton, kwamba huko ndiko wanakonunua. Mgeni akasita, akaguna. Nikanyakua mkoba wake, mdogo lakini mzito ajabu, nikauvusha barabara kwa mikono yangu na kumsukuma ndani. Kapiton alikaa naye saa nzima. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Ijumaa, 14 Machi

Siku yenyewe! Kofia mpya. Nimemwokea wakala mkate, nikauweka juu ya taulo iliyotariziwa, na chumvi juu, apokewe kwa heshima ya Kirusi. Nilikuwa stesheni kabla ya treni ya kwanza.

Treni ya kwanza, hayupo. Ya pili, akashuka bwana mmoja mnene, nikamwinamia, akamega mkate, akachovya chumvi, akanishukuru na kwenda zake. Kumbe ni mkaguzi wa mabehewa! Ya tatu, hayupo. Ya nne, mkate wenyewe ulikuwa umebaki nusu, kwa maana nami ni binadamu.

Bila shaka kachelewa Petersburg. Atafika kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Hakufika. Nimepiga simu ya maandishi Geneva. Wamejibu kwamba saa ilifika Tver tarehe 14 Machi, mimi nikaikataa, na jirani yangu muungwana akainunua papo hapo. Waongo! Tarehe 14 nilikuwa stesheni kutwa, mashahidi ninao, hata mkaguzi wa mabehewa.

Jirani gani huyo?

Jumapili, 16 Machi

Sijui niandike vipi. Kapiton alisimama mbele ya watu wote, kando ya Glikeria Savvishna, akafungua kisanduku. Tai wa vichwa viwili. Mnara wa zimamoto. Saa yangu! Ardalion Fomich, mtu aliyeingia motoni mara mia, alilia machozi. Nami nililia, ila hakuna aliyejua sababu.

Nikamvuta Kapiton pembeni, nikamwita mwizi. Hakukasirika. Alisema kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi: "Averyan Lukich, ndugu yangu, kalenda yao ya Ulaya imeitangulia hii yetu ya Kirusi kwa siku kumi na tatu. Machi kumi na nne yao ni Machi mosi yetu. Na mgeni wako umeniletea mwenyewe, mkoba umenibebea."

Glikeria Savvishna alikuwa nyuma yetu, kasikia yote. Alicheka hadi akashika meza. "Unauza saa," akaniambia, "na hujui leo tarehe ngapi."

Nilikalishwa karibu na mlango wa jikoni, pamoja na shemasi kiziwi. Uyoga tena. Roho inaniuma.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimefufuka! Kapiton hajaposa, anangoja Kwaresima iishe, mjinga. Na tarehe 13 Mei ni sikukuu ya mtakatifu somo wake Glikeria Savvishna. Nimeagiza Geneva saa ya kike, ya dhahabu, maua ya bluu kifunikoni, jina lake ndani kwa Kirusi. Jibu limefika leo: wakala ataileta tarehe 28 Aprili.

Safari hii hawanipati. Siku kumi na tatu! Nimejumlisha mara tatu kwa shanga za abaki: 28 Aprili, ongeza kumi na tatu, ni 11 Mei. Siku mbili kabla ya sikukuu! Nitakuwa stesheni kabla ya jogoo, na mikate miwili.

Hadi hapo sitaki usumbufu wa wachuuzi. Nimepigilia kibao mlangoni kwa herufi kubwa, na nimemlipa mwalimu wa shule aongeze Kifaransa chini yake: WAGENI WENYE MIKOBA WAENDE KWA KAPITON, NG'AMBO YA BARABARA.