Kompyuta Moja, Nyumba Tatu

Jumatatu, 2 Juni 2003
Redempta wa ng'ambo ya barabara kaleta kompyuta ya pili kwenye duka lake la kuchapa. Kaniuliza kwa huruma kama ile yangu moja bado inapumua. Nikamjibu inapumua, dada, asante. Mume wangu Simeoni kasema nisipopata kazi ya kudumu hadi Jumamosi, mashine inauzwa, mimi na mtoto tunarudi Iguguno kwa mama yake, kupepeta alizeti.

Jumanne, 3 Juni
Dawa imepatikana. Shemeji Yohana kanipa sidii ya Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Inakaa na Windows ndani ya mashine moja. Ukiwasha, inakuuliza unaingia wapi. Yaani mbili! Diski ndogo, giga mbili tu. Shemeji alisisitiza Windows niipe sehemu kubwa. Sikumsikiliza. Baba yangu alikuwa na wake wawili, akapima shamba kwa hatua, kila nyumba sawa, hakuna aliyenuna. Nimegawa mara tatu: Windows, Linux, na ya Jenipher akikua. Ana miezi minane. Mlangoni nimeandika KOMPYUTA MBILI.

Jumatano, 4 Juni
Mwalimu Alute kaleta mitihani ya shule nzima. Nikiiweza, kazi za mwaka mzima ni zangu. Kaja na mwalimu mwenzake, wachapishiwe wote wawili kwa mpigo. Nikaeleza zinafanya kazi kwa zamu. Akauliza, kwa hiyo ni moja? Nikasema ni mbili, mwalimu, ila haziamki pamoja.

Alhamisi, 5 Juni
Nimechapa hadi darasa la sita, mtoto mgongoni. Mashine ikagoma kuhifadhi. Windows imejaa. Linux imejaa. Ya Jenipher tupu kabisa, lakini cha mtoto hakiguswi. Nikaamua kufuta Linux. Sehemu zimeandikwa namba tu. Nikafuta namba moja.
Ilikuwa Windows. Na mitihani yote.
Nikakaa chini, nikamnyonyesha Jenipher. Angalau yeye kashiba.

Jumamosi, 7 Juni
Mwalimu kampelekea Redempta mitihani, kaimaliza kwa siku moja. Kaniletea pole na andazi. Nimelila. Mnunuzi kauliza kwa nini theluthi ya diski haina kitu. Nikamwambia ni ya mtoto. Kaondoka nayo hivyo hivyo.

Jumapili, 8 Juni
Iguguno. Nimemwamkia mama mkwe shikamoo, katupa chumba kimoja pamoja na magunia ya alizeti. Nimekigawa mara tatu, sawa kwa sawa: magunia, mimi, Jenipher. Magunia yamezidi sehemu yao, nimeyahamishia kwangu. Nitalala nimekaa, mtoto mapajani. Upande wake uko mtupu. Hauguswi.