Majoho Arobaini, Simu Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeelewa! Nimeelewa kila kitu! Asubuhi Mjomba katangaza kwamba anatafuta msimamizi wa karakana yake ya ushonaji, maana magoti yake yameshazigomea ngazi. Tunaofaa tuko wawili tu. Mimi, mpwa wake wa damu. Na Bi Daftari, mpima vipimo, miaka kumi na tisa pale na lile daftari lake lililochakaa. Jioni nikaenda darasa la kompyuta. Mwalimu kasema kabla ya kugusa mashine, chora kwanza kwenye karatasi: kuna vitu gani, kila kitu kina sifa gani, vinahusiana vipi. Hiyo ndiyo modeli ya data ya kimantiki. Kila kitu kisanduku chake, na kila kisanduku kina ufunguo, yaani kitambulisho ambacho mwingine hana. Wakati wa mapumziko nikaondoka. Nusu ya pili ya nini, nami nimeshaelewa?

Jumanne, 4 Machi
Nimechora kwenye meza ya chakula, mke wangu kasimama na sahani mkononi. Mwanzo visanduku vinne: mteja, mvaaji, vipimo, vazi. Vingi mno! Nikavibana. Anayeagiza nguo si ndiye anayeivaa? Mvaaji nje. Vipimo na vazi nikavitia ndani ya mteja. Kikabaki kisanduku kimoja, kizuri, nimekipigia mstari kwa wino mwekundu. Ufunguo: namba ya simu. Mke wangu kauliza shati za watoto wetu huwa anaagiza nani na anazivaa nani. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Kanipa sahani nikapakue mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Bahati imenidondokea! Imekuja kwaya ya watu arobaini, wanataka majoho, mashindano yao ni Jumapili ya tarehe 16. Mjomba kasema wazi: kazi hii ndiyo itakayomwonyesha msimamizi. Bi Daftari alipima, akawa anamwandikia kila mwimbaji ukurasa wake. Kurasa arobaini! Nilicheka kimoyomoyo. Mimi nikawa naingiza kwenye kompyuta. Nilipoomba namba za simu, wote walitoa namba ya katibu wao, eti mambo ya kwaya yote hupitia kwake. Watu wenye nidhamu! Kuanzia mwimbaji wa pili kompyuta ikawa inauliza: mteja huyu yupo tayari, nibadilishe taarifa zake? Nikabonyeza ndiyo. Mara thelathini na tisa. Mashine ina adabu, haifanyi kitu bila ruhusa. Wa mwisho alikuwa mwimbaji wa sauti nzito wanayemwita Mnara. Bi Daftari alipanda kwenye kiti ndipo akafika begani.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Daftari nimeshamwondoa njiani. Nimemshauri Mjomba ampeleke kiwanda cha jirani akapime walinzi, siku nne. Kakubali! Nikachapisha orodha. Mstari mmoja tu! Mteja mmoja, majoho arobaini, vipimo hivi hapa. Karibu nilie kwa furaha. Fundi wa kukata kitambaa aliuliza kama kwaya nzima imetoka tumbo moja. Nikamwambia akate, aache maneno.

Ijumaa, 14 Machi
Balaa! Wamekuja kujaribu. Joho la kwanza lilimmeza katibu, ikabaki sauti yake tu ikiuliza mikono inatokea wapi. Dada mwembamba wa sauti ya kwanza kakanyaga pindo, kaangukia kwenye kapu la vifungo. Mnara peke yake ndiye aliyefurahi, kakataa kutoka mbele ya kioo. Kisha katibu akavua, akasema kwa sauti ndogo kwamba wamefanya mazoezi miezi saba. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba kamwita Bi Daftari, aliyekwisharudi kutoka kiwandani.

Bi Daftari kafungua daftari. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema anayeagiza ni mmoja, wanaovaa ni wengi, na kila anayevaa ana mwili wake. Kanionyesha: juu jina la katibu na simu yake, chini waimbaji, kila mmoja na namba yake, moja hadi arobaini, vipimo vyake na joho lake. Visanduku vyangu vinne vya mwanzo, vyote vipo mle! Na darasani hajakanyaga. Basi wameanza kuyapunguza majoho, mafundi wote, mpaka kesho jioni.

Jumapili, 16 Machi
Kwaya imeshika nafasi ya pili! Majoho yamewakaa kama ngozi! Nimepiga makofi mpaka viganja vimevimba. Nikamnong'oneza Mjomba kwamba ningemalizia na yule dada mwembamba, kitambaa chote kingepotea, maana nguo ndogo haikuzwi. Kwa hiyo kumalizia na Mnara ilikuwa ni kuona mbali. Mjomba kahama kiti.

Jumatatu, 17 Machi
Msimamizi ni Bi Daftari. Mimi nimehamishiwa kwenye pasi. Nilinuna hadi saa nne. Kisha likanijia wazo, nikaruka karibu nijiunguze! Hakuna mtu aliyewahi kuchora modeli ya chumba cha pasi! Na safari hii somo limeniingia. Simu ilikuwa kosa, simu watu huazimana. Ufunguo lazima uwe kwenye nguo yenyewe, uonekane kwa macho, mtu asiweze kuuazima. Nimepata: rangi! Kila nguo itatambulika kwa rangi yake, na vibandiko vya majina nimeshavibandua vyote nikavitupa. Kesho naanza na sare za shule. Mashati mia tatu, yote meupe. Mwanzo mwepesi kabisa!