Lori la Mchanga Barabara ya Kiwandani

Jumatatu, tarehe 6

Nimechelewa tena. Dakika kumi na nane! Mkuu wa Habari hakufoka. Angefoka, ningepumua. Aliniambia kwa upole, kama daktari anayeficha sindano, kwamba barua mbili za onyo zimo kwenye faili langu na ya tatu itanisindikiza nyumbani. Majaribio yangu hapa redioni yanaisha Ijumaa. Napiga chapa habari za saa mbili asubuhi. Saa moja na nusu lazima niwe mezani. Kosa si langu, ni la foleni. Shangazi, ninayeishi kwake, ameshautangazia mtaa mzima kwamba bila mimi redio haisemi. Nikifukuzwa nitamtazamaje?

Lakini leo nimegundua jambo. Barabara tukitangaza kuwa imefungwa, robo saa baadaye huwa nyeupe. Jiji zima hututii!

Jumanne, tarehe 7

Alfajiri, leso mdomoni, nimepiga simu redioni. Nimejitambulisha kuwa dereva wa lori la mchanga. Nikasema lori limelala Barabara ya Kiwandani, ile ninayopita mimi. Dada wa Simu, anayepokea taarifa za madereva, akauliza limelalia ubavu gani. Ubavu sikuwa nimeufikiria. Nikasema zote mbili. Akanipa pole, akasema lori langu lina usingizi mzito.

Wakatangaza! Basi likapaa. Nimefika mapema dakika ishirini. Mkuu alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Jumatano, tarehe 8

Lori limelala tena. Sikujua kwamba madereva wa mabasi nao husikiliza redio. Wote wamezungukia Barabara ya Sokoni. Nimesimama kituoni peke yangu, barabara tupu mbele yangu hadi upeo wa macho. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo kisichonifaa kitu. Nimekimbia. Nimeketi mezani saa moja na dakika ishirini na tisa, shati limenigandia mgongoni. Dada wa Simu akauliza kama nami nabeba mchanga siku hizi. Nimecheka. Kwa nini aliuliza?

Alhamisi, tarehe 9

Hesabu rahisi: nikifunga Barabara ya Sokoni, mabasi yatarudi kwangu. Yamerudi. Na malori, na teksi, na jiji zima likayafuata. Saa moja na nusu tulikuwa hatujasogea hata hatua. Nikatazama dirishani. Gari la ofisi! Ndani, Mkuu wa Habari na msomaji wa habari. Mkuu akaniita kwa kidole kimoja. Nikashuka, nikaingia.

Saa mbili ikatimia, redio ya gari ikanyamaza. Sekunde ishirini. Mkuu akashika moyo. Mara sauti ya Dada wa Simu! Amesoma habari zote bila kukwama, kisha akamshukuru dereva wa lori la mchanga, aliyepiga simu siku tatu mfululizo kwa namba ileile ya karani wetu wa chapa. Akamtakia safari njema popote alipo.

Nilikuwa kati ya msomaji na mlango. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ijumaa, tarehe 10

Barua ya tatu haikuandikwa. Mkuu amesema akiniandikia ya kuchelewa jana, itabidi ajiandikie na yeye. Ila mtu mwenye kipaji cha kuona yasiyokuwepo, amesema, asikae karibu na habari. Kuanzia leo niko dawati la Hali ya Hewa, majaribio miezi mitatu mingine. Habari za asubuhi sasa zinasomwa na Dada wa Simu. Amenipita kwenye korido akaniambia, "Pole na safari, kaka."

Nimetubu. Habari za barabara sitazigusa tena maishani.

Jumatatu natakiwa mezani saa moja na nusu, kama zamani. Kwa hiyo nimeandika: mvua kubwa, radi, wasio na shughuli muhimu wabaki nyumbani. Shangazi ameuliza kama afue siku hiyo. Nimemshauri asithubutu.