Cheti cha Machungwa Kumi na Mawili

Jumatatu, 1 Julai 1996

Barua ya mke wangu Zohra imefika kutoka Maskati! Kurasa mbili. Mjukuu ameota jino la tisa. Mkwe amenunua friji ya pili, sijui anagandisha nini. Kisha mwisho kabisa, juu ya jina lake, Zohra kaandika kwamba machungwa ya Maskati yana rangi nzuri na hayana ladha, na amelikumbuka chungwa la Muheza.

Nikasimama katikati ya duka na barua mkononi. Hapo hapo nikaona mambo yote. Maskati nzima haina chungwa tamu! Makreti mia tatu kwa kuanzia. Na mzigo wa matunda hauendi peke yake, lazima mtu ausindikize. Mtu huyo ni mimi, Zainuddin. Si kwamba nakwenda kumtazama mke. Mke alikwenda kumhudumia binti yetu Narmin alipojifungua, siku arobaini, Februari ya mwaka jana. Sijamuuliza atarudi lini. Mwanamume hababaiki. Nakwenda kibiashara, na tukikutana, tumekutana.

Wateja leo: mmoja. Alitaka chenji. Zamani za uhaba, nikipata katoni moja ya sabuni, foleni ilifika mpaka kona na wote waliniita ndugu. Sasa ni ruksa, sabuni iko kila mahali, na ndugu zangu sijui wamekwenda wapi.

Jumatano, 3 Julai

Uweso, dalali wa matunda wa Muheza, kaleta kreti la machungwa la kuonyesha. Kayapanga kama wapangavyo wote kule: kila chungwa na kikonyo chake na majani mawili, mnunuzi ajue limechumwa asubuhi, na chini nyasi kavu. Nilijisifu sana kwa majani yale.

Saa nne kaja Bi Praxeda, mkaguzi wa afya ya mimea. Bila cheti chake hakuna tunda linalovuka bahari. Kanisalimu shikamoo kwa adabu, katoa kioo cha kukuzia, kageuza jani moja. Upande wa chini, wadudu! Weupe, wadogo, wametulia kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka.

Majani hapana. Nyasi hapana. Udongo hapana. Mdudu hai hata mmoja, hapana. Kasema si yeye anayekataa, ni nchi inayopokea. Na tangu mwaka jana kuna mkataba wa dunia nzima: nchi ina haki ya kulikataa chungwa la mwenzake, ila lazima itoe sababu ya kisayansi. Haiwezi kukataa hivi hivi tu.

Nikamuuliza kama mkataba huo unawahusu na wake zetu. Kacheka mpaka akavua miwani. Kisha kakaa kwenye kiti cha Zohra, kanywa chai. Kiti hicho hakijakaliwa na mtu tangu Idi. Alipoondoka, kikombe chake nimekiacha mezani mpaka Magharibi. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 4 Julai

Shamir, mwenye duka la spea hapa chini, leo anakwenda Maskati kufuata mzigo. Kaniambia, Zainubhai, twende wote, nafasi ipo. Nikamwambia mtu haendi nyumbani kwa mkwe mikono mitupu. Basi chukua machungwa kumi mkobani, kasema. Kumi! Mimi mwenye hesabu ya makreti mia tatu! Halafu kumi bila cheti yatatupwa uwanja wa ndege. Sheria naijua sasa.

Nimempa barua ampelekee Zohra. Bei ya saruji, bei ya misumari, nani kafunga duka. Mwishoni nikaandika, kwa utani tu, kwamba kwa mujibu wa mkataba wa dunia anayekataa lazima atoe sababu ya kisayansi. Nikagundisha bahasha haraka kabla sijabadili mawazo.

Shamir kaniachia fitina moja. Kasema watu wa Maskati wanajua chungwa ni la njano. La Muheza huiva likiwa kijani. Watadhani nimewapelekea mabichi!

Jumamosi, 6 Julai

Dawa imepatikana! Ndizi zikiwa kijani tunafanyaje? Tunavundika. Nimechimba shimo uani, nimetandika majani ya mgomba, nimefukiza moshi wa vifuu. Makreti arobaini yameingia. Uweso kasema mia tatu ni ndoto za mchana. Pia kacheka shimo langu. Kasema, "Chungwa halivundikwi, mzee. Likishachumwa limemaliza mambo yake."

Hajui sayansi, maskini. Nimemsamehe.

Jumatano, 10 Julai

Nimefukua. Ya njano yapo. Ya kahawia pia yapo. Na kuna kundi la tatu, la kijivu, lenye manyoya. Jirani kasikia harufu ya kuchacha, kachungulia ukutani kuuliza kama nimeanza kugema tembo, mzee wa kofia kama mimi! Inzi wadogo wamejaa uani mpaka jikoni.

Katikati ya hayo kaja Bi Praxeda. Kapasua chungwa moja kwa kisu. Funza! Wazima, wana afya kuliko mimi. Kaeleza kwamba inzi wa matunda hutaga ndani ya tunda lingali mtini, na joto la shimo langu limewalea vizuri. Nchi gani itataka kuwapokea? Kaamuru yote yafukiwe leo hii, tena kwa kina. Shimo, alhamdulillahi, lilikuwa tayari.

Kisha kasoma fomu yangu ya kuomba cheti. Kauliza kama mpokeaji wa makreti mia tatu, huyu Zohra, ni kampuni. Nikasema ni mke. Kauliza, kwani yeye kaomba mia tatu? Nikasema hakuomba, alikumbuka tu. Alikumbuka ngapi? Moja.

Bi Praxeda kafunga faili, kauliza kama chai ipo.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna aliyekuja. Nimepika wali, ukatosha watu wanne. Mwaka na nusu, na mkono wangu bado haujajua kupunguza. Nimekula nikiwa nimesimama.

Nimepanga upya misumari dukani kwa urefu. Halafu kwa unene. Niseme kweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nimemkumbuka Zohra mpaka kifua kinauma. Nyumba ina vyumba sita na mimi natumia kimoja na nusu.

Alhamisi, 18 Julai

CHETI! Uweso kachuma machungwa kumi na mawili kwenye mti wa nyumbani kwake, kwa mkasi, bila jani hata moja. Kasema hayo si ya biashara, ni ya Mama Narmin. Nimeyaosha kwa brashi laini, moja moja. Bi Praxeda kayatazama kwa kioo kila upande, nusu saa nzima, kisha kaandika. Bidhaa: machungwa. Idadi: kumi na mawili. Mpokeaji: Bibi Zohra. Muhuri wa buluu, mzuri sana!

Kasema yasafiri ndani ya siku kumi na nne. Kasema pia, mzee, kwa mtu anayekwenda mwenyewe hiki kinatosha kabisa. Nikamshukuru na kumfafanulia kwamba hii ni sampuli. Kanitazama juu ya miwani.

Jumatatu, 22 Julai

Shamir karudi na barua. Ukurasa mmoja tu. Nainakili hapa isije ikapotea.

"Umetaka sababu ya kisayansi. Nina barua zako kumi na nne. Najua bei ya saruji ya kila mwezi. Hujaandika hata mara moja neno rudi, basi nikadhani umezoea. Nililikumbuka chungwa kwa sababu nilikukumbuka wewe, ukilimenya pale ngazini baada ya chakula, ganda refu lisilokatika, nusu yako na nusu yangu. Usilete kitu. Njoo unichukue."

Nimeisoma mara nne. Macho yamewasha sana. Pengine ni moshi wa lile shimo, ingawa shimo limefukiwa siku kumi na mbili sasa.

Shamir anaondoka tena Ijumaa. Kanishikia nafasi, kasema nimjibu kesho.

Jumanne, 23 Julai

Sikulala, na kumepambazuka na wazo. Zohra ana moyo mwema lakini biashara haijui. Usilete kitu! Mkwe atanionaje? Kosa langu lilikuwa moja tu: chungwa ni tunda bichi. Achari je? Achari ya ndimu, imepikwa, ina chumvi, ina pilipili. Funza gani ataishi humo? Mapipa mia mbili kwa kuanzia! Nimekwenda mbio kwa Bi Praxeda. Kasema achari si ya ofisi yake, ni ya watu wa usalama wa chakula, nao wana masharti yao, na huchukua miezi. Miezi si kitu. Nimemwalika aje kuonja hata hivyo, kama mgeni. Kasema atakuja, ila nilipomtajia kwamba Shamir anaondoka Ijumaa, kaniuliza mara mbili Ijumaa ni lini. Nikamwambia ni mtondo, siku tatu tu, sikuelewa alitaka nini.

Nilipotoka huko nikakaa ngazini kufikiri. Nikachukua chungwa moja la cheti, nikalimenya. Ganda halikukatika. Nikaligawa nusu mbili, nikala yangu, nikaitazama ile nyingine mpaka jua likafika miguuni. Kisha nikaila nayo. Tamu mno!

Nimemwambia Shamir aende tu. Mtu haendi ukweni na machungwa kumi na moja.