Marehemu Aliyeomba Mukeke

Leo nimejianika hadharani, tena mbele ya picha ya marehemu. Munivumilie makosa ya kuandika.

Munajua kazi yangu pale Rumonge: kupiga chapa, kutengeneza simu, kuokoa kaseti za zamani. (Fundi, najiita. Mutaona.) Mama Nadia wa Minago akaniita kwenye kuganduka, ile siku ya kuondoa kilio cha mume wake. Mzee Gaspari aliacha sauti yake kwenye kaseti moja tu, aliyowatumia ndugu zake wakati yeye na mke wake walikuwa wakimbizi Tanzania.

"Wajukuu hawajawahi kumusikia," Mama Nadia aliniambia. "Na mimi, mwanangu, nimeanza kuisahau sauti yake."

Nikamwahidi kuwa wote watamsikia. Kwa mdomo huu huu!

Sasa, kisanduku changu cha kusomea kaseti kimezeeka, hakielewani na kompyuta za leo. Kwa hiyo ndani ya laptop yangu naendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya hii mpya. Niko na programu mbili za kuendesha mashine ya namna hiyo: moja mpya, na moja ya zamani niliyoitelekeza. Shida ni kwamba kisanduku kinashikwa na mashine moja tu. Ikikichukua hiyo, nyingine zote hazikioni.

Tukaanza. Picha ya mzee mezani, mshumaa pembeni, watu kimya mpaka ziwa linasikika kule nje. Nikachomeka kisanduku. Laptop haikioni. Mashine pepe haikioni. Nikachomoa, nikachomeka tena. Wapi! Nikainama nyuma ya meza, uso karibu na kisanduku, nikaanza kunung'unika peke yangu (tabia mbaya, mama alinionya). Huko uani walikuwa wanachoma mukeke, ule samaki wa ziwa letu, na mimi nilitoka nyumbani bila hata chai.

"Niko na njaa," nikanong'ona. "Wangenipa hata mukeke kidogo."

Halafu kwenye bafle, ile spika yangu kubwa, ikatoka sauti nzito, ya kukwamakwama, kama ya mtu aliye chini ya maji:

"Ni... ko... na... njaaa."

Nywele zikanisimama. (Ndiyo, mimi fundi.)

"Wa... nge... nipa... hata... mukeke..."

"Mana yanje! Mungu wangu!" Mama Nadia akapiga magoti. "Baba Nadia! Kumbe ulikufa na njaa?"

Shangazi mmoja akakimbilia uani. Pasta akasimama, Biblia juu: "Wewe ni nani? Sema jina lako!" Mukeke ukaletwa wa moto, na ndimu yake, ukawekwa mbele ya picha. Mimi nimeshaingia chini ya meza, nalia: "Yesu wangu, nitoe hapa!"

Bafle nalo: "Yesu... wangu... nitoe... hapaaa..."

"Anaomba kutolewa!" Pasta akapaza sauti, huku yeye mwenyewe akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Viti vikaanguka. Watu wakatoka kwa madirisha.

Hapo ndipo nikayatambua maneno. Yalikuwa yangu! Ile programu ya zamani, na mashine pepe yake, ilijiwasha yenyewe nilipofungua laptop, ikanyakua kisanduku kimyakimya. Na kisanduku kina maikrofoni ndogo. Kumbe muda wote ilikuwa inanisikiliza, inayatoa maneno yangu kwa kuchelewa na kwa kuvuta, na hii sauti yangu nyembamba imegeuka ya mzee.

Ningeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini Mama Nadia alikuwa ameshika ile sahani, analia kweli, anamuomba mume wake msamaha. Roho iliniuma. Nikatoka chini ya meza.

"Mama, unisamehe. Mwenye njaa ni mimi."

Watu wakarudi ndani mmoja mmoja. Pasta alinitazama mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nikaizima ile programu, mashine pepe ya programu mpya ikakiona kisanduku, nikabonyeza kaseti. Mikwaruzo kwanza. Kisha sauti nyepesi, yenye kicheko ndani yake:

"Amahoro, ndugu zangu. Huku tuko wazima. Je, huko munakula?"

Mama Nadia akacheka mpaka akakaa chini, machozi yanamwagika. "Ndiye huyo! Ndiye yeye kabisa! Hakusalimia mtu bila kuuliza chakula!" Akanisukumia sahani. "Kula, mwanangu. Mwenyewe ameagiza."

Nimeumaliza wote. (Ulikuwa umepoa, lakini mtamu.) Ila nawaomba, nyinyi musinicheke. Minago nzima imenitosha: nimetembea mpaka barabarani kutafuta moto, pikipiki ya kunirudisha Rumonge, na kila mlango wananiita, "Amahoro, Marehemu! Umekula?"