Kumshikilia Mama Mkwe Maji Moto

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na baridi ya mtaa wetu wa Free Area leo ni ile ya kuvaa soksi mbili.

Leo nimeaibika, tena nikiwa na akili zangu timamu. Naandika yote, hata pale makosa ni yangu (ni karibu pote).

Mtoto wetu wa kwanza, Kiprop, ana wiki mbili. Mama mkwe ametoka Keringet kumsaidia bibi yangu, Chebet. Tangu jana maji moto haifiki bafuni. Asubuhi mama akamwambia Chebet, mimi nikisikia: "Kama hadi jioni hakuna maji, nakubeba wewe na mtoto twende nyumbani. Huko kuni iko." Hakuniambia mimi. Kwao mkwe na mama mkwe hawasalimiani hata kwa mkono, maneno hupitia kwa binti. Na kusema haki, hakukosea. Mtoto mchanga haoshwi na maji ya barafu.

Lakini mimi sikutaka kubaki na nyumba tupu.

Hii nyumba tunakodi, na mwenyewe aliijenga baada ya kuishi ng'ambo. Maji huchemka kwa tangi la kuni nyuma ya nyumba, halafu bomba inagawanyika: moja jikoni, moja bafuni. Kila moja ina valvu inayofunguliwa na kamota ka umeme. (Mimi niliishia darasa la nane. Mwaka mzima nilidhani ni mita.)

Kwanza nililaumu kuni kwamba zimeloa. Nikaongeza. Jikoni maji ikatoka ya kuchoma, bafuni baridi tu. (Ya kubeba kwa ndoo mama alishakataa, anasema inapoa kabla mtoto hajaoshwa.) Basi kuni hazikuwa na hatia. Nikaenda nje, kwa ukuta wa bafuni, nikagusa bomba kabla ya valvu. Moto. Nikagusa baada ya valvu. Baridi. Chebet akawasha swichi, kamota kakanguruma, hakuna kilichosonga. Kando yake kuna kamkono ka chuma. Nikakasukuma na maji ikapita. Nikiachilia, springi inakarudisha na maji inakatika. Kwa hivyo valvu ni nzima, mota ndiyo imekufa. Nikajiona injinia, kwa kama dakika moja.

"Chebet, ingia bafuni ufungue, mimi nashikilia."

"Sawa, naingia."

Baada ya muda mlango wa bafuni ukafungwa na maji ikaanza kumwagika. Dirisha dogo liko juu tu ya kichwa changu.

"Iko moto?"

Maji iliendelea kumwagika tu. Nikadhani ni mvua inamzuia kusikia, nikapandisha sauti.

"Oga polepole, hakuna haraka. Nikipata wa kunishikia hii kitu nitakuja nikusugue mgongo."

Mtu akakohoa kidogo.

"Na huyo mamako sasa aache maneno ya Keringet. Anatafuta tu sababu ya kukubeba."

"Baba Kiprop, unaongea na nani?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Ni Chebet, na mwavuli, na mtoto kifuani. Kumbe mtoto alilia Chebet akielekea bafuni, mama akamwambia akanyonyeshe, yeye ataenda kujaribu maji.

Nikaachilia kamkono. Ndani kukatoka "Wui!" moja.

"Shika hiyo kitu," Chebet akanong'ona. "Ako na sabuni."

Nikashika. Watu wengine wakiaibika huenda zao. Mimi nilisimama kwa mvua nikitazama ukuta, Chebet akirudi ndani anacheka hadi mtoto anatikisika. Nilitafuta pole ambayo mkwe anaweza kuipitisha kwa dirisha la bafu. Sikuipata.

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe akaongea na mimi moja kwa moja.

"Baba Kiprop. Usiachilie tena."

"Ndiyo, mama."

Fundi anasema mota mpya hadi wiki ijayo. Jioni nilikuwa nimekaa mlangoni, mama akamwambia Chebet, akiangalia kwingine: "Mwambie huyo, kesho nitaoga saa moja, mtoto saa nne. Avae gambuti."

Wamekula ugali, mboga ya managu na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, pale sebuleni. Mimi nimekula yangu jikoni, na sahani yangu ilikuwa imejazwa na mama mwenyewe. Mkitaka kucheka, chekeni polepole, ukuta wetu ni mwembamba.